Kununua ngalawa iliyotumika Mtwara na Lindi: anza na viungo, tanga liache mwisho

Picha za kwenye simu zinafanana zote. Ngalawa imelazwa mchangani, rangi ya bluu bado inang'aa, tanga limetwekwa ingawa chombo kiko nchi kavu, na chini pameandikwa: "Inauzwa, ipo kamili, haina shida." Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Mikindani anayetafuta mradi wa pembeni, kijana wa Mchinga aliyechoka kuvulia chombo cha mtu, au mtumishi wa Lindi mjini anayetaka kuvua samaki kwa mshipi, yaani uzi na ndoana, Jumapili. Wavuvi wakongwe wataona mengi wanayoyajua, na pengine watabisha baadhi.

Kwanza tuelewane ngalawa ni nini. Ni chombo cha miili mitatu: gogo lililochongwa katikati, na marengu mawili, yaani zile mbao za pembeni, moja kila ubavu, zilizoshikwa na miti miwili ya kukatiza. Mashua husimama kwa upana wa tumbo lake na kwa farumi, yaani uzito unaowekwa chini ili isipinduke. Ngalawa haina farumi wala tumbo pana. Ukiitoa marengu na kuitweka tanga, itapinduka kabla hujaondoka ufukweni. Kwa hiyo unaponunua ngalawa unanunua viungo, yaani pale marengu yanaposhikana na miti, na miti inaposhikana na gogo. Hata katamarani za fibaglasi za watalii, yaani vyombo vya miili miwili vyenye vitanda na majiko ndani, hukaguliwa kwa makini zaidi pale pale, panapoungana mwili na mwili. Rangi na tanga ni mambo ya baadaye.

Hatua ya 1: Pata nahodha kabla ya kupata chombo

Wengi wanafanya kinyume. Wananunua, halafu wanaanza kuuliza nani atakiendesha, na anayepatikana ni yule ambaye wenye vyombo wengine wamemkataa. Mtafute mtu kwanza, mkubaliane mgawo: fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la watu, na nani analipa kamba ikikatika. Kisha nenda naye kukagua. Jicho lake litaona ambacho lako halikioni, na atakuwa na sababu ya kusema kweli kwa kuwa ndiye atakayekaa humo.

Mwambie pia kazi unayoikusudia. Ngalawa ya kawaida huku kwetu ina urefu wa mita 5 au 6, na ndani ni nyembamba hasa. Mtu akikaa, magoti yanakaribia kugusa pande zote mbili. Inafaa mshipi, madema (mitego ya samaki ya kusukwa), nyavu ndogo, safari za pweza, na kubeba mwani. Inafaa ghuba kama ya Mikindani, Sudi na Lindi, na siku nzuri inavuka mwamba. Kama unawaza wavuvi wengi, barafu na kulala nje, acha. Tafuta mashua au boti. Na kama unawaza kuvusha abiria wa kulipa, hiyo ni biashara nyingine yenye masharti yake, na ngalawa si chombo chake.

Hatua ya 2: Usinunue na hela ya korosho ikiwa bado ya moto

Minada ya korosho huanza karibu na Oktoba, na malipo yakianza kuingia, kila kitu mkoani hupanda bei, kuanzia bati mpaka mbuzi. Ngalawa nazo. Muuzaji wa Msanga Mkuu anajua vizuri kabisa kwamba mteja wake amelipwa juzi.

Wakati mzuri wa kununua ni wa kusi, kuanzia Juni hadi Agosti hivi. Upepo unavuma kwa nguvu, vyombo vidogo vingi vinalala, na mwenye chombo anahitaji hela. Tatizo ni kwamba chombo kilicholala juani hukauka na kupasuka vichwani, hivyo utaona nyufa ambazo nyingine zitajifunga zenyewe mbao zikinywa maji. Hapo ndipo nahodha wako anapotakiwa kutofautisha ufa wa jua na ufa wa kuvunjika. Ufa wa jua hufuata nyuzi za mti na huishia njiani. Ufa wa kuvunjika hukata nyuzi, au huanzia kwenye msumari.

Ukikosa nafasi wakati wa kusi, subiri maleleji, upepo unapobadilika. Bahari huwa tulivu na chombo kinaweza kushushwa siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Kagua gogo bamvua

Panga siku ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Pwani yetu siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, na tofauti ya kupwa na kujaa hufika mita 3 au zaidi. Maana yake utaikuta ngalawa kavu, mwanga ukiwa mzuri, na utakuwa na muda wa kutosha kuilaza ubavu na kuona chini. Muuzaji akisisitiza uje jioni maji yakiwa yamejaa, jiulize kwa nini.

Magogo mengi huchongwa kwa mwembe. Mti huu ni mnene, unachongeka bila tabu, na umejaa vijijini. Lakini si mgumu. Maji ya chumvi hauogopi sana. Maji ya mvua ndiyo yanauozesha. Ngalawa iliyoachwa wazi masika nzima, kuanzia Desemba hadi Aprili, maji ya mvua yakiwa yamesimama ndani, huoza kutokea ndani huku nje ikionekana nzima. Kwa hiyo tazama inapolazwa. Kama ina banda la makuti juu yake, mwenyewe ni mtu wa kujali. Kama imejaa majani makavu na maji meusi, anza kupunguza bei kichwani mwako.

Chukua kisu chenye ncha au bisibisi. Choma polepole sehemu hizi: chini kabisa kwa urefu wote, ndani ya omo (mbele ya chombo), ndani ya tezi (nyuma yake), na mahali mguu wa mlingoti unapokaa. Hizo ndizo sehemu ambazo maji hujificha. Kisu kikizama bila kubisha, umeukuta uozo. Fuata mpaka wake ujue ni mkubwa kiasi gani. Uozo wa kiganja kwenye tezi fundi anaukata na kutia kiraka. Uozo chini ya mlingoti ni habari nyingine, kwa sababu nguvu yote ya upepo inashukia hapo.

Kisha wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Hawa ndio wanaodanganya watu kuliko kitu chochote. Mdudu huingia akiwa mdogo sana, na tundu la nje hubaki kama kichwa cha pini, huku yeye akikua ndani na kuchimba njia ndefu anayoipaka chokaa nyeupe kila anapopita. Ukiona vitundu vichache, usivipuuze. Gonga hapo kwa jiwe dogo, halafu gonga sehemu nzima, usikilize tofauti: mti mzima hujibu kwa mlio mkavu, mti ulioliwa hulia kwa sauti iliyofifia. Vyombo vinavyolazwa kwenye vijito vya mikoko hushambuliwa zaidi, kwa kuwa wadudu hao wanaishi kwenye magogo yaliyokufa humo.

Hapa kuna swali moja ambalo jibu lake linakupa mengi.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba, mwanangu."
"Chombo hiki mara ya mwisho kilichomwa makuti lini?"

Akijibu, "Bamvua lililopita, mimi na vijana," vizuri. Moto wa makuti makavu ukipitishwa chini ya chombo huua wadudu kabla hawajaingia ndani, na mwenye kuutumia mara kwa mara ndiye mwenye chombo kizima. Akijibu, "Hiki hakihitaji, mti wake ni mgumu," na wewe unaona kabisa ni mwembe, msalimie vizuri na uendelee kutembea.

Viraka visikutishe. Ngalawa isiyo na kiraka ni mpya au imefichwa kitu. Tatizo ni kiraka juu ya kiraka, na bati lililopigiliwa kwa misumari ya chuma. Chumvi hula msumari, na kutu hula mti unaouzunguka. Angalia madoa meusi kuzunguka vichwa vya misumari. Ubao wa juu ulioongezwa ubavuni kuinua kingo uangalie kwenye mshono: pamba ya kalafati, ile inayosokomezwa kuzuia maji, iwe imekaa ndani, isitoke ukiigusa kwa kucha. Na rangi mpya? Kwaruza kidogo mahali pasipoonekana. Rangi juu ya lami, lami juu ya saruji, ni chombo kilichoandaliwa kwa ajili yako.

Mwisho, simama nyuma ya tezi, funga jicho moja, tazama mpaka omo. Gogo likiwa limepinda kama upinde wa pembeni, litavuta upande mmoja maisha yake yote, na hakuna fundi wa kulinyoosha.

Hatua ya 4: Marengu na miti yake

Tumia muda wako mwingi hapa. Ukiona aibu kukagua sana mbele ya mwenye chombo, mwachie nahodha aongee huku wewe unapima.

Chukua kamba isiyovutika. Funga ncha moja katikati ya omo, nyosha mpaka mwisho wa mbele wa rengu la kulia, weka fundo. Peleka kamba hiyohiyo kushoto. Rudia nyuma kutokea tezi. Vipimo vikitofautiana kwa vidole viwili vitatu, si neno. Vikitofautiana kwa shubiri, chombo kinakwenda mshazari. Halafu pima umbali kati ya gogo na rengu, mbele na nyuma: lazima viwe karibu sawa, rengu likimbie sambamba na gogo. Rengu lililofungua mdomo mbele huchota maji na kuvuta chombo nyuma, na nahodha atapigana na usukani kutwa nzima bila kujua sababu.

Sasa watu wawili washike rengu moja wainue na kushusha. Usitazame rengu, tazama kiungo. Kuchezacheza kidogo kwa kamba kunatakiwa, ngalawa imeundwa ipinde na wimbi na isivunjike. Usichokitaka ni mti kusaga gogo. Ukisikia sauti ya kusagika, fungua kidogo kamba hiyo kwa ruhusa ya mwenyewe uone chini yake. Mara nyingi utakuta mti umekatika robo ya unene wake na kamba imelificha kovu.

Kamba zenyewe zilikuwa za kumbi la nazi, sasa ni nailoni, na wengine hufunga vipande vya mpira wa tairi. Nailoni ina nguvu, ila jua linaimaliza. Ikwaruze kwa ukucha. Ikitoa unga mweupe, hesabu kamba mpya zote. Kuhusu bolti nina msimamo wangu, na mafundi kadhaa wananipinga. Bolti inakaza kiungo kisipinde, basi nguvu yote inahamia kwenye tundu lake, na tundu ndipo mti unapoanza kupasuka. Juu ya hayo, inashika kutu ndani usikoona. Nikikuta miti imefungwa kwa bolti nataka punguzo, na nikishanunua nazitoa.

Kisha shusha chombo majini kikiwa kitupu. Marengu yote mawili yaguse maji kidogo tu, au yawe juu yake kwa vidole. Rengu moja likizama na jingine kuning'inia, ama mti umepinda ama gogo limejisokota. Wapakie watu mnaotarajia kuvua nao pamoja na uzito wa nyavu mbichi. Marengu yote yakizama wakati bahari imetulia, chombo hicho hakiwatoshi. Uzito ndio adui mkubwa wa chombo cha miili mingi. Mashua ikizidiwa na upepo hulala, kila mtu anaona, tanga linapunguzwa. Ngalawa hailali sana. Rengu la demani, upande usiopigwa na upepo, linabanwa chini taratibu, maji yanapanda juu yake, na chombo kilichojaa hakina nafasi ya kuinuka. Kikishapinduka, upana uleule uliokisimamisha ndio unaokizuia kugeuka tena. Gogo litaelea, nanyi mtalishikilia, lakini safari imekwisha.

Hatua ya 5: Tanga, mlingoti, usukani

Hapa sitakaa sana. Tanga la turubai au la viroba vilivyoshonwa ni kitu cha kununua wiki yoyote, hivyo tanga jipya lisikupandishie bei ya gogo bovu. Foromali, ule mti unaobeba tanga, iangalie pale miti miwili ilipounganishwa. Mlingoti wa mvinje au wa mkoko uutazame kimo cha mapaja, unapobanwa. Usukani ukae bila kuyumba kwenye vyuma vyake, na vyuma visiwe vimeliwa. Nanga, kafi, pondo na kopo la kufulia maji (kuyachota na kuyamwaga nje) viandikwe kwenye mauzo, vinginevyo vitabaki kwa muuzaji.

Hatua ya 6: Toka nayo alasiri

Asubuhi upepo mwanana wa nchi kavu hufanya kila ngalawa ionekane nzuri. Nenda alasiri, upepo wa bahari ukiwa umesimama sawasawa. Muuzaji aendeshe kwanza, kisha nahodha wako ashike kana, mkono wa usukani. Mbishe mara kadhaa, yaani mwende mshazari dhidi ya upepo, upepo upande huu na upande ule. Tanga letu lina upande linalokaa vizuri zaidi, tofauti ndogo ni ya kawaida. Lakini ikienda joshi, yaani kuelekea unakotoka upepo, vizuri upande mmoja na upande wa pili inateleza kuelekea mwambani, rudi kwenye vipimo vyako vya marengu. Kaeni saa nzima. Fueni maji yote mwanzoni, halafu mwishoni mtazame yaliyoingia. Maji ya rushasha, yale yanayorushwa na mawimbi, yanaeleweka. Maji yanayotoka chini huku bahari ikiwa shwari yana tundu lake, litafuteni siku hiyohiyo.

Kila mtu avae jaketi la kujiokolea. Najua wavuvi wanacheka.

Hatua ya 7: Karatasi na watu

Chombo cha uvuvi kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na kina leseni, kwa hiyo anza kwa ofisa uvuvi wa halmashauri, umuulize kama namba iliyoandikwa ubavuni ni ya chombo hicho na ya mtu huyo. Masuala ya usalama wa vyombo vya majini yako kwa TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli. Halafu pita kwa viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, wa ufukwe husika. Hao wanajua historia ambayo haiko kwenye daftari lolote: kama chombo kiliwahi kukamatwa kwa uvuvi wa baruti, kama mwenyewe anadaiwa na tajiri wa samaki aliyemkopesha nyavu. Deni la namna hiyo hufuata chombo hata kama sheria haisemi hivyo. Siku moja mtu atakuja ufukweni kulidai.

Ngalawa ya marehemu inunuliwe kwa warithi wote. Mtoto mkubwa akisema amekubaliana na wenzake, waombe wenzake waje. Mkataba uandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji au mtaa, mashahidi wa pande zote mbili wasaini, vifaa vyote vitajwe.

Ukinunua Msimbati, Ruvula au vijiji vya jirani, kumbuka uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Uliza kwanza nyavu zipi zinaruhusiwa na wapi, kabla hujanunua chombo kwa ajili ya uvuvi ambao utakatazwa. Na ngalawa iliyovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, hata ikiwa rahisi namna gani, iache mpaka uone karatasi zake za forodha.

Hatua ya 8: Bei

Usitaje bei siku ya kukagua. Rudi nyumbani, andika orodha ya matengenezo, mpelekee fundi asiye na undugu na muuzaji, akupe gharama ya kamba, mti mmoja wa kukatiza, kalafati na siku zake za kazi. Jumla hiyo ndiyo silaha yako. "Mjomba, gogo lako ni zima, nalisifu. Ila mti wa nyuma umekatika na kamba zote zimekwisha, fundi amesema hivi." Mtu aliyetajiwa kovu kwa mahali pake hashindani sana. Matengenezo yakikaribia nusu ya bei, linganisha na kuagiza ngalawa mpya, ukijua kwamba gogo bichi ni zito mwanzoni na linahitaji kukauka kivulini.

Kuileta nyumbani

Ukinunua Lindi au Kilwa na unaishi Mtwara, usikimbilie kuileta kwa tanga. Kusi kinavuma kutoka unakokwenda, na mkondo wa bahari wa pwani hii unakwenda kaskazini mwaka mzima, maana mkondo mkubwa utokao mashariki hugonga bara karibu na Rasi ya Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na tawi moja hupanda kuja kwetu. Utabisha siku nyingi. Subiri kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ukae karibu na nchi, ulale kila jioni ufukweni, na usikilize Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kila hatua, hasa ukichelewa mpaka Aprili au Mei: kimbunga Kenneth kilipiga jirani yetu wa kusini Aprili 2019, na kimbunga Hidaya kikaja Mei 2024.

Au kodi lori. Kutoka Lindi hadi Mtwara ni zaidi kidogo ya kilomita 100 za lami. Gogo lilazwe juu ya magunia ya makumbi, lifungwe bila kukazwa katikati, na marengu yavuliwe. Kabla ya kukata kamba ya kwanza, andika kwa chaki kwenye kila rengu na kila mti: kulia, kushoto, mbele, nyuma. Kila kimoja kimechongwa kwa mahali pake, na ukivichanganya utalipa fundi siku mbili za kuvipatanisha.